Gari la Mwaija Lililopoa Bila Injini

Gari lililompa Wilhelmina Machibya jina mjini Mwanza halikuwa na injini. Lilisimama uani kwa mzee Muhidin, mtaa wa Mirongo, limekalishwa juu ya matofali, na kwa miaka mingi halikusogea hata hatua moja. Lakini ukiufungua mlango wake mchana wa Septemba, wakati jua limeyachoma mawe ya mji mpaka nayo yanakurudishia joto usoni, hewa iliyokupokea ilikuwa ya baridi kama ya alfajiri kisimani. Waliokaa Mirongo miaka ile bado wanalikumbuka. Wengine wanakumbuka rangi yake, nyeupe iliyoanza kugeuka manjano. Wengine wanakumbuka honi yake. Wilhelmina anamkumbuka mwenyewe aliyekuwa akikaa ndani.

Wilhelmina alizaliwa Misungwi, nyumba ya wakulima wa pamba. Shuleni alipenda kazi za mikono kuliko vitabu, na serikali ya wakati ule ilikuwa ikiwahimiza wasichana waingie kwenye ufundi, naye akaingia. Akasomea mitambo ya baridi, akaajiriwa kwenye ghala la barafu la shirika moja la umma, karibu na bandari. Hapo ndipo ujana wake ulipoishia, na hakuujutia. Alizoea kufika asubuhi, kabla ziwa halijaamka vizuri, na kugusa mabomba kwa kiganja akisikiliza mashine zinavyopumua. Mchana wafanyakazi walikaa kwenye baraza ya saruji wakila ugali na sato, wakitaniana Wasukuma na Wazinza, Wakerewe na Wahaya, mpaka king'ora kilie. Walimwita "mama barafu" hata kabla hajazaa.

Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara ikaachwa huru. Madukani vikajaa vitu ambavyo watu walikuwa wamevisahau: sabuni za kila harufu, redio za kaseti, mitumba milima kwa milima. Pembeni mwa ziwa vikaota viwanda vipya vya minofu ya sangara. Na shirika la Wilhelmina likafa. Halikufa siku moja. Kwanza zilinyamaza mashine mbili, halafu nne, halafu wakaitwa uwanjani wakaambiwa wanapunguzwa. Alipokwenda kuomba kazi kwenye kiwanda kimoja kipya, msimamizi alimtazama kwa adabu akamwambia, "Dada, hapa tunatafuta mwanaume wa zamu." Akarudi zake nyumbani, akakaa na binti yake Gladness, na kwa muda mrefu akauza mkaa.

Baadaye akapanga chumba Igoma, kando ya barabara ya Musoma, katikati ya wachomeleaji na waziba pancha. Akaandika kwenye kibao: FUNDI FRIJI. Watu walikuwa wakisimama mlangoni, wanamwona yeye na bisibisi mkononi, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Mwanzoni alikuwa akikasirika. Kisha akazoea kujibu, "Ametoka, lakini mimi naijua kazi yake. Lete."

Mzee Muhidin hakuuliza swali hilo. Alikuja siku ya joto kali, kanzu imemganda mgongoni, akasema friji yake imekufa na anaomba aende naye upesi.

"Shikamoo mzee. Ina nini friji?"

"Marahaba mwanangu. Haigandishi. Na barafu ile si ya vinywaji. Ni ya mke wangu."

Wilhelmina hakuelewa, lakini alifunga vifaa vyake nyuma ya baiskeli, akamfuata.

Alielewa alipofika. Mkewe Muhidin, Mwaija, alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, amejitanda khanga zilizolowa maji, na kando yake ndoo. Miaka miwili nyuma jiko la mafuta ya taa lilimlipukia asubuhi akipika chai. Aliokoka, lakini shingo, kifua, mikono na mgongo vikabaki kovu tupu. Na kovu, kama alivyoelezwa hospitali, halitoi jasho. Mwili wa mtu mwingine ukipata joto hujimwagia maji wenyewe. Wa Mwaija ulilifungia joto ndani. Jua likipanda alikuwa anapumua kwa shida, kichwa kinamgonga, macho yanakuwa mekundu. Kabla ya hapo alikuwa mshona magauni ya harusi mashuhuri kuliko wote Mirongo. Sasa cherehani yake ilikuwa imefunikwa gunia, na yeye kutwa nzima alikuwa akijimwagia maji na kuvizia jua litue.

Wilhelmina aliitengeneza friji. Alipokuwa ananawa mikono akaliona gari pembeni ya ukuta, vumbi limelifunika.

"Lile nalo bovu?"

Muhidin akacheka kicheko kisicho na furaha. Alikuwa na duka la vitambaa sokoni, na baada ya ajali ile aliuza shamba la urithi akanunua gari lile, limetoka Ujapani, kwa sababu moja tu: lilikuwa na kiyoyozi. Kila mchana alikuwa anafunga duka anampakia Mwaija, wanazunguka polepole Kapripoint, wanafika Bwiru, wanarudi. "Alikuwa anaimba humo ndani," Muhidin alisema. "Halafu siku moja rejeta ikavuja, mimi sina habari, nikaendelea tu. Injini ikanoki. Mafundi wote wamesema hamna kitu."

"Na kiyoyozi?"

"Kiyoyozi kilikuwa kizima mpaka dakika ile. Lakini bila injini kitafanya nini?"

Wilhelmina akafungua boneti. Alisimama pale kwa muda akiitazama kompresa ya kiyoyozi, imefungwa ubavuni mwa injini iliyokufa, mkanda wake bado uko kwenye puli. Aliulegeza mkanda, akazungusha puli kwa mkono. Ikazunguka laini. Akaizungusha tena, akiisikiliza kama alivyozoea kuzisikiliza zile za ghalani.

"Mzee," alisema, "kompresa haimjui anayeizungusha. Inachotaka ni kuzungushwa tu. Kule ghalani zote zilizungushwa na mota za umeme. Tukiitoa injini, hapa panaenea mota."

Muhidin alimtazama, akamtazama mkewe. Mwaija ndiye aliyejibu kutoka mkekani, sauti imekauka: "Mwache ajaribu. Gari lenyewe limekuwa banda la kuku."

Kazi ile ilimchukua Wilhelmina muda kuliko alivyodhani. Kwanza aliifungua kompresa bila kugusa mipira yake ya gesi, maana gesi ikitoka, kuipata nyingine mjini ilikuwa kazi. Akaining'iniza kwa kamba kama mtu anayemfunga ng'ombe aliyevunjika mguu. Vijana wa gereji wakainyanyua injini, ikaenda kwenye vyuma chakavu. Mota zilikuwa nyingi kwenye lundo la mitambo ya mashirika yaliyofungwa, na nyingine alizitambua kwa sura kama watu aliofanya nao kazi, lakini zote zilikuwa za fezi tatu, umeme wa viwandani, na nyumba ya Muhidin ilikuwa na fezi moja. Mwishowe alipata mota iliyokuwa ikiendesha pampu ya maji kwenye nyumba ya wageni. Akachomelea fremu ya vyuma mahali pa injini, akaifunga mota, akaifunga kompresa mbele yake, akapitisha mkanda. Mbele ya gari, mahali ambapo upepo wa safari ungepuliza, akasimamisha feni ya kawaida ya nyumbani. Betri ikabaki kwa ajili ya kupuliza hewa ndani, ikiunganishwa na chaja.

Siku ya kujaribu, watu wa nyumba za jirani walijaa uani. Wilhelmina akawasha swichi.

Mota ikaguna mara moja, kama mtu aliyebebeshwa gunia la pamba kabla hajasimama sawasawa. Papo hapo fyuzi ikakatika, si ya nyumba ile tu, bali hata ile ya kwenye nguzo. Redio za uchochoro mzima zikanyamaza. Kutoka kibanda cha pili akatokea Chenge, kinyozi, mashine ya kunyolea mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa.

"Nani kanizimia umeme?" akauliza Chenge. "Huyu bwana anakwenda kuposa leo!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwaija pia alicheka, mara ya kwanza Wilhelmina kumwona akicheka, na mwenye kichwa cha nusu ikabidi amaliziwe kwa wembe. Lakini Wilhelmina hakucheka. Alipanda baiskeli yake akarudi Igoma uso umemshuka, akijiambia labda yule msimamizi wa kiwandani alikuwa sahihi, labda ufundi wake uliishia ghalani pamoja na mashine zake.

Njiani, akipandisha kilima, alilazimika kushuka na kusukuma baiskeli. Aliposukuma hatua chache ikawa nyepesi, akaruka juu yake tena. Hapo hapo akasimama. Ghalani hawakuwasha mota na mzigo kwa pamoja kamwe! Waliiacha izunguke kwanza, ichangamke, ndipo wanaikabidhi kompresa. Na kompresa ya gari ina sumaku yake mbele, inayoshika na kuachia puli. Alichohitaji ni swichi mbili badala ya moja. Alishangaa jinsi alivyolisahau jambo alilolifanya kila asubuhi ya ujana wake.

Alirudi kesho yake. Akaweka swichi ya pili kwenye dashibodi. Mota ikawashwa peke yake, ikalia kwa wembamba, ikatulia. Akahesabu pumzi zake mwenyewe, akabonyeza swichi ya sumaku. *Tak.* Sauti ya mota ikawa nzito, taa ya baraza ikafifia kidogo, ikarudi. Hakuna fyuzi iliyokatika. Baada ya muda bomba moja la chini ya boneti likaanza kutoka jasho, matone yakadondoka kwenye vumbi.

"Ingia, dada Mwaija," alisema. "Ufunge mlango."

Mwaija aliingia na khanga zake zilizolowa, akafunga. Walisimama nje wakimtazama kupitia kioo. Alikaa wima kwanza, kama mgeni. Kisha akaegemea. Kisha, polepole, akazitoa khanga mabegani, moja baada ya nyingine, akaziweka pembeni. Muhidin aligeuka akatazama ukuta ili watu wengine nao wageuke. Walipotazama tena, alikuwa amelala, mdomo wazi, kama mtoto aliyechoka na michezo.

"Hajalala mchana tangu aungue," alisema Muhidin.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Baada ya mwezi mmoja hivi Mwaija aliomba kiti cha mbele kitolewe. Mahali pake wakaweka kibao, na juu ya kibao cherehani yake ya mkono. Akaanza na vitambaa vya mito. Halafu akapata bibi harusi wa kwanza, binti mmoja wa Igogo aliyesikia kwamba yule mshonaji wa Mirongo amerudi. Binti akaja kupimwa uani, Mwaija ametoa mikono dirishani na utepe wake, pini zikiwa mdomoni, akimwambia, "Geuka. Simama sawa, usilivute tumbo, siku hiyo utakula pilau." Vioo vikipandishwa, uliona kichwa chake kimeinama na shela nyeupe imejaa gari zima kama povu.

Wilhelmina alikuwa anapita kila wiki kukagua mkanda na kuongeza mafuta, lakini kwa kweli alikuwa anakwenda kukaa. Aliingia kiti cha nyuma, akavua viatu, akapewa chai ya mchaichai. Nje mji ulikuwa unachemka, wauza mitumba wanapiga kelele, wachuuzi wa dagaa wanapita, na wao wamejifungia kwenye kijichumba chao cha baridi wanazungumza habari za ndoa, za watoto, za mji wao ulivyokuwa wakati sukari ilipatikana kwa foleni na watu walijuana kwa majina. Mwaija alikuwa Mwislamu wa mji, baba Mmanyema, mama wa Ukerewe. Wilhelmina alikuwa Mkatoliki wa shamba. Ndani ya gari lile tofauti hizo zilikuwa kitu cha kutaniana tu.

Chenge hakuwa ameridhika bado. Kila mota ilipoanza, umeme ulishuka kidogo, na mashine yake ya kunyolea ilikuwa inang'ata nywele. Alikuja kulalamika. Mwaija akafikiri, akasema, "Nitakupigia honi kabla sijawasha. Ukiisikia, nyanyua mashine."

Ikawa hivyo. *Piii*, na kibandani Chenge ananyanyua mkono juu kama anayeapa, anasubiri, anaendelea. Wateja wake walizoea. Wengine walikuwa wakiisikia honi wanainamisha vichwa wenyewe.

Kisha mvua zikakosekana, mabwawa yakapungua, mgao wa umeme ukaja. Mara nyingi walijua saa za kukatika na Mwaija akajipanga, akarudi kwenye mkeka na ndoo yake. Lakini Oktoba moja umeme ulikatika bila taarifa. Wilhelmina alifika mchana akakuta gari limenyamaza na vioo vimefungwa. Mwaija alikuwa ndani, amekumbatia gauni la mtu, sindano bado mkononi.

"Dada Mwaija! Toka humo!"

"Namalizia pindo," alisema, lakini maneno yalikuwa yanateleza. "Harusi kesho. Umeme unarudi sasa hivi."

Wilhelmina alipomshika mkono, ulikuwa wa moto kama chuma kilichoanikwa. Akampigia kelele Muhidin, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka sala ya adhuhuri. Maji ya bomba nayo yalikuwa yamekatika, kwenye ndoo yamebaki kidogo. Wakamwagia yote, hayakutosha. Chenge akatoka kibandani, akaona. Akalikimbilia toroli la mchuuzi wa ndizi, akazimwaga ndizi chini.

"Ziwani," alisema. "Mlazeni."

Walimsukuma Mwaija juu ya toroli kupitia barabara ya soko, Chenge mbele anapiga kelele watu wapishe, Muhidin pembeni ameshika kichwa cha mkewe, Wilhelmina nyuma anasukuma kwa nguvu zote za binti wa Misungwi. Walipofika ufukweni hawakusimama kuvua viatu. Walimwingiza majini na nguo zake mpaka mabegani, wakamshikilia hapo, maji yakimpiga taratibu. Kinamama waliokuwa wakifua waliacha nguo zao wakaja kumchotea maji kichwani kwa makopo.

Muda ukapita. Muhidin alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, Wilhelmina naye, bila kujijua, alikuwa ameanza Salamu Maria. Mwaija akafungua macho. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akatazama maji.

"Mama Gladness," alisema kwa sauti ndogo, "unanibatiza bila ruhusa ya mume wangu?"

Muhidin alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Chenge akakaa majini na suruali yake.

Gauni lile Wilhelmina alilimalizia pindo mwenyewe, kwa mishono mikubwa ya fundi friji, na Mwaija alipoliona kesho yake alifumba macho akasema liende hivyohivyo.

Lakini tangu siku ile Muhidin hakuwa na amani. Dada yake Mwaija, Safia, alikuwa ameolewa Bukoba, na kule, kila mtu alikuwa akisema, mvua hainyimani na watu, na upepo wa kilimani hauchomi. Walizungumza mwaka mzima. Duka la vitambaa lilikuwa limeshazidiwa na mitumba. Mwaija ndiye hakutaka. "Nimezoea chumba changu," alikuwa akisema, na chumba alichomaanisha kilikuwa na usukani. Mwishowe alikubali. Watu bado walikuwa wanaogopa meli wakati ule, baada ya ile ajali kubwa iliyoua mamia ziwani, kwa hiyo wakachagua kuzunguka kwa barabara, kuvuka kwa kivuko na kupita Geita.

Asubuhi ya kuondoka, Wilhelmina alifika mapema. Mwaija alikuwa amekaa ndani ya gari kwa mara ya mwisho, hajawasha kitu.

"Njoo ukae," alisema.

Walikaa, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama kawaida yao. Mwaija alimpa fungu lililofungwa kwa khanga: gauni la Gladness, aliyekuwa bado hajapata hata mchumba. "Nimelishona kwa kukisia," alisema. "Nimeacha upana kwenye mishono. Akinenepa, lifungue."

Nyumba waliiuza, na mwenye nyumba mpya akaliuza gari kama chuma chakavu. Wilhelmina hakwenda kuliona likikatwa. Kazi kwake zilikuwa zimeanza kuwa nyingi. Waliosikia habari za gari la Mirongo walimletea majokofu ya baa, vyumba vya barafu vya wachuuzi wa samaki, hata hoteli moja ikamwita afunge viyoyozi vyake vyote. Alipata chumba kikubwa zaidi Igoma, na hakuna aliyeuliza tena fundi yuko wapi. Angekuwa muongo akisema hakufurahi. Lakini kuna michana, joto likizidi, alipokuwa anajikuta amegeuza baiskeli kuelekea Mirongo bila sababu, na kufika njia panda ndipo anakumbuka kwamba hakuna mtu.

Alikwenda Bukoba mara moja, Gladness alipokuwa ameshaolewa kwa gauni lile, ambalo halikuhitaji kufunguliwa hata mshono mmoja. Aliwakuta kilimani, nyumba ndogo katikati ya migomba, mvua nyembamba inanyesha. Mwaija alikuwa barazani na cherehani yake, amevaa sweta.

"Sweta, dada Mwaija?"

"Usinicheke. Huku baridi ni kali!" Akasogea kwenye benchi ampishe. "Kaa. Muhidin, mletee mgeni chai, amelowa."

Wilhelmina akakaa. Chini yao ziwa lilikuwa limefunikwa na ukungu, haionekani hata ng'ambo yake. Mwaija akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akazitazama alama za mafuta zilizokataa kutoka kwenye mistari ya vidole.

"Bado unafanya kazi," alisema.

"Bado."

"Basi nieleze. Mwanza kuna nini siku hizi?"

Wilhelmina akaanza kumweleza: Chenge amepata kibanda cha matofali, soko limepanuliwa, mwenye nyumba mpya amejenga vyumba vya kupangisha uani kote. Mwaija alikuwa anasikiliza huku anakunja kitambaa, mara anacheka, mara anauliza. Mvua ikazidi, wakasogeza benchi nyuma, karibu na ukuta, wakaendelea.